Antena Nyuma ya Bani

Ushetu, 3 Agosti 2025

Mwanangu Abel,

Nakusalimu. Natumai karasha la kusagia mawe halijakutia uziwi na kwamba unakula. Sisi wazima. Goti langu ni lile lile: asubuhi linakataa, mchana linakubali. Vitalu vya tumbaku tumeanza kumwagilia.

Nina neno moja. Yale mashindano ya ngoma ya Kahama yatarushwa kwenye televisheni Jumapili tarehe 31, saa kumi jioni, mara moja tu. Kundi letu limecheza. Wimbo wangu wa jembe lililokatika mpini ameuimba Vumilia, yule binti niliyemfundisha. Nimeuimba mimi miaka ishirini na sita, na mwaka huu ndio wa kwanza kubaki nyumbani. Waliokwenda wananiambia, "Ulikwenda vizuri, mama." Hilo ni jibu la watu wenye haraka. Nataka nione mwenyewe kama wimbo unasimama bila mimi.

Televisheni na king'amuzi ulivyoleta Pasaka vipo, na sola inatosha. Lakini antena ya dukani upepo umeivunja, na kioo kinaandika "Hakuna mawimbi". Senta lipo banda la video, ila siku hiyo wanaonyesha mpira. Je, antena inaweza kutengenezwa nyumbani? Usinipigie simu. Kupata mtandao ni mpaka nipande kichuguu. Andika, umpe kondakta Gregory.

Mama yako


Kakola, 9 Agosti 2025

Shikamoo mayu,

Mimi mzima, masikio yanauma kidogo. Pole na goti.

Antena inatengenezeka. Mchoro uko nyuma ya karatasi hii. Tafuta ubao wa sentimita 85. Kata waya mnene vipande vinane, kila kimoja sentimita 38, na ukikunje katikati kikae kama pembe za ng'ombe. Vipande vinne vifunge kwa skrubu upande wa kushoto wa ubao, vinne kulia, ncha zikitazama nje. Viunganishe kwa waya mbili kama nilivyochora. Zinapopishana zisigusane hata kidogo. Nyuma weka wavu wa kuku, uachane na pembe kwa upana wa kiganja. Katikati funga hicho kipande cha plastiki chenye mikia miwili kilichomo kwenye bahasha. Hapo ndipo waya wa antena unapoingia. Rula yangu ya shule iko sandukuni.

Nimekuwekea na shaba, imetoka kwenye mota iliyoungua. Ikwangue rangi kwanza. Ukimaliza, elekeza antena Kahama, kwenye mnara.

Mwanao Abel


Ushetu, 14 Agosti 2025

Abel,

Salamu nitazitoa mwishoni.

Waya nimemrudishia Gregory, umefungwa kama ulivyokuja. Mota ni ya nani? Imeungua, sawa, hata ng'ombe akifa ana mwenyewe. Barua yako imetaja kila kipimo, lakini jina la Imran mwenye karasha haikulitaja. Nimekulea, najua unapoandika kwa haraka ni wapi. Siwezi kumtazama Vumilia kwa shaba ya mtu.

Ubao nimeutoa kwenye mlango wa bani lile la zamani, ambamo hatukaushi tena tumbaku. Wavu umetoka bandani, kuku wanalala jikoni. Kilichobaki ni waya. Jana Melania amepita, akauona ubao na skrubu zake, akauliza, "Mama Abel, unamtengenezea nyoka wenu wa ngoma kitanda?" Unamjua. Yeye wa kundi la Bagalu, mimi la Bagika, na tangu usichana wetu tunashindana ngoma pande mbili za uwanja. Nikamjibu, "Ni jeneza la wimbo wenu wa mwaka jana." Akaondoka anacheka.

Sasa salamu. Hujambo?

Mama yako


Kakola, 19 Agosti 2025

Shikamoo mayu,

Sijambo. Sikumuuliza Imran. Niliona waya umetupwa kwenye rundo nikajiambia ni takataka.

Nimeurudisha mbele yake na kumweleza. Imran aliupima kwa mkono, akasema, "Kumbe ndiyo maana rundo linapungua." Nikamwambia nimechukua mara hiyo moja tu. Akauliza:

"Nani kakurudisha?"

"Mama."

"Basi mwambie mama aje awe mlinzi hapa."

Kazi ninayo bado. Waya wa dukani sitaupata mpaka niende Kahama mwezi ujao, na tarehe 31 itakuwa imepita. Tumia waya wowote mnene wa shaba au alumini, mradi usiwe na kutu. Samahani, mayu.

Mwanao Abel


Ushetu, 25 Agosti 2025

Mwanangu Abel,

Hujambo? Marahaba za barua zote mbili. Mlinzi anakaa usiku kucha. Mwambie Imran goti halitaki.

Waya nimeupata. Ni zile bangili zangu za shaba za kuchezea, za kuzungusha kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Nimezinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe la kusagia, na kila moja imetoa vipande vinne. Usiseme neno. Zilikuwa zimelala sandukuni tangu mwaka jana. Waya za kuunganisha nimechomoa kwenye redio iliyokufa.

Antena nimeisimamisha nyuma ya bani, juu ya bomba la chuma. Skrubu nimezikaza mara tatu, waya zinapopishana hazigusani. Nimeielekeza Kahama kabisa, kule basi la Gregory linakopotelea baada ya ghala la chama. Kioo bado kinaandika "Hakuna mawimbi". Zimebaki siku sita.

Mama yako


Kakola, 27 Agosti 2025

Shikamoo mayu,

Barua hii fupi, basi la Gregory limeshawashwa.

Basi linafuata barabara. Kutoka kwenu linaanza kwenda ng'weli, linakozama jua, kutafuta lami, ndipo linageuka. Mawimbi hayapandi basi. Kahama yenyewe iko kiya, jua linakotokea. Antena yako imeipa Kahama mgongo. Igeuze, uipandishe ipite paa, kisha uzungushe kidogo kidogo. Kila ukizungusha, hesabu hadi kumi, maana king'amuzi kinachelewa.

Kuhusu bangili sisemi neno.

Mwanao Abel


Ushetu, 2 Septemba 2025

Mwanangu Abel,

Wabeja, asante sana. Natumai u mzima. Sisi wazima, na kuku wamezoea jikoni.

Jumamosi nilipoigeuza kiya, picha ikaja, ila inakatika vipande vipande. Jumapili watu wakajaa tangu saa tisa. Melania naye akaja na kigoda chake, maana kundi lao lilicheza pia. Saa kumi Vumilia akatokea, akafumbua mdomo, picha ikaganda. Melania akatoka nje kulitikisa bomba. Alipolishika tu, picha ikatulia. Alipoachia, ikaganda.

Watu wakapiga kelele, "Shika hapo hapo!"

Akauliza kutoka nje, "Wanacheza akina nani?"

"Bagika!"

"Basi naachia."

Hakuachia. Alisimama nyuma ya bani mpaka wimbo ukaisha, hakuona hata kidogo.

Vumilia amefupisha ubeti wa pili. Pumzi ameivuta mahali ambapo mimi sikuwahi kuivuta, na wachezaji wakamfuata bila kukosea. Nimepajaribu mwenyewe jikoni. Pale pake ni pazuri kuliko pangu. Wimbo umesimama.

Ilipofika zamu ya Bagalu, nilichukua kigoda, nikaenda nyuma ya bani nikamwambia, "Ingia ndani." Akanitazama kama amenijua jana tu. Nikakaa, nikalishika bomba. Sikuona kitu. Nilisikia ngoma yao kupitia dirishani, na Melania akiwakosoa kwa sauti. Wanapiga vizuri. Hilo usimwambie mtu.

Sasa wewe fundi, nieleze kwa nini picha inakubali bomba likishikwa. Melania anasema ni dawa ya Bagalu. Nimemwambia nami nililishika, na picha ikakaa. Anasema ni kwa sababu yeye alilishika kwanza. Jibu upesi. Jumapili kuna kwaya kwenye televisheni, na ameshaanza kuwaambia watu habari za hiyo dawa.

Mama yako