Vigelegele vya Mama Yangu Ndani ya Kinanda

Jumapili, adhuhuri. Hapa kijijini kwetu Mwabungo kumekauka, hata upepo wa baharini leo umegoma. Mwanangu amelala. Mimi nimekaa barazani na simu mkononi, na hasira ya jana haijashuka hata kidogo.

Naandika hapa kabla sijaenda kumtukana mtu.

Mnaonisoma mnajua nilivyoipenda bendi ya Jamvi Jipya. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeishia darasa la nane, kazi yangu kumsaidia mama kukaanga viazi karai. Bakari, mwimbaji wao, alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu. Hawakuwa na jukwaa. Kukiwa na harusi, wanawake tunatandika majamvi uani, wao wanakaa mwisho wa majamvi, mmoja na kinanda, mmoja na ngoma, Bakari katikati. Ndiyo wakaitwa hivyo.

Na nyimbo zao zilikuwa nusu. Nusu nyingine tulikuwa nayo sisi midomoni. Bakari anaita, sisi tunaitikia. Tusipoitikia hakuna wimbo.

Harusi yangu waliicheza wao. Huku kwetu mwimbaji huuliza kwanza jina la mama wa bibi harusi, kisha analishona ndani ya wimbo. Bakari akaita, "Mwali kalelewa na nani?" Tukaitikia, "Na Mejumaa!" Mama akapiga vigelegele vitatu, cha tatu kikamkatikia akamalizia kwa kicheko, maana alikuwa na pumu. Mpiga kinanda alikuwa anarekodi kwa simu. Rekodi hiyo wakaitengeneza, wakaiweka mtandaoni, ukawa ndio wimbo uliowatoa. Watu wa Msambweni, hata Kikoneni, ambao hawakuwahi kumwona mama yangu, wakawa wanaitikia jina lake rekodi ikipigwa kwenye harusi zao.

Mwaka uliofuata mama akafariki. Nilikuwa na mimba ya miezi saba.

Mtoto alipozaliwa nikampa jina lake, Mejumaa. Kila jioni nikimwogesha namwekea ule wimbo, vikifika vile vigelegele namwambia, "Huyo nyanya yako." Sina rekodi nyingine ya sauti ya mama. Ni ile tu.

Kwa hiyo mtaelewa.

Bendi ilipoanza kuitwa mahotelini Diani, wakapunguza kuja kwetu. Watu wakasema wameota pembe. Mimi nikawatetea. Nimegombana na watu humu mtandaoni nisiowajua kwa ajili ya Bakari! Mume wangu aliniuliza kama bendi ndiyo inayonioa. Walipotoa nyimbo ambazo hazina mahali pa kuitikia, nikasema wanajaribu mtindo mpya, tuwape muda. Nikisema kweli, zile nyimbo sikuzipenda hata moja. Nilikuwa najidanganya ili nisiwe peke yangu.

Jana alasiri wakaja kucheza uwanjani Ukunda. Nikatoa leso yangu ya sare, ile tuliyonunua wanawake wa Mwabungo zamani ili tukikaa mbele tujulikane. Imepauka. Nikambeba mtoto, na shoga yangu Riziki akabeba jamvi.

Hatukufika mbele. Kulikuwa na kamba, nyuma ya kamba viti vyeupe, na kijana wa ulinzi akaninyooshea mkono. "Mathe, hapa ni VIP."

Mathe! Mimi niwe mama yake, na nina miaka ishirini na nne?

"Mwanangu," Riziki akamjibu, na kijana ni rika letu, "hiyo bendi ikikaa kwenye jamvi hili wewe ulikuwa bado wafutwa kamasi."

Akacheka, lakini kamba hakuishusha. Tukatandika jamvi letu huko huko vumbini, wenzetu wenye leso zile zile wakatuona wakaja, tukawa kama kumi. Nikajiambia si neno. Wimbo wetu ukianza, kamba haitazuia sauti.

Ukaanza. Mtoto akanirukia mapajani, anaujua kwa mlio wa kwanza. Bakari amevaa miwani myeusi. Akakohoa, akawasalimia wageni wa viti vyeupe, akaita:

"Kwale kalelewa na nani?"

Akajijibu mwenyewe mara ya kwanza ili tujue la kuitikia. "Na Mheshimiwa!" Akanyoosha mkono kwa mtu mnene wa kiti cha katikati, ambaye mimi sijawahi kumwona akilea hata kifaranga.

Akaita tena. Akatuelekezea kipaza sauti, sisi wa leso, maana alijua ni sisi.

Riziki akafunga mdomo. Nikafunga wangu. Sikumwambia mtu, wala hatukupanga, lakini jamvi zima likanyamaza. Anaita, kimya. Anaita, kimya. Wallahi nilifurahi. Nilisema moyoni, leo utajua nusu ya wimbo anayo nani.

Bakari akamgeukia mpiga kinanda. Yule akabonyeza kitu.

Vikatoka vigelegele. Kimoja, viwili, cha tatu kikakatika, kikaisha kwa kicheko.

Mama.

Hakuna mwanamke uwanjani aliyekuwa amefungua mdomo, na mama yangu, aliye kaburini, anampigia vigelegele Mheshimiwa. Watu wa viti vyeupe wakapiga makofi. Mpiga kinanda akabonyeza tena. Na tena. Mara nne alimpigisha mama vigelegele, na mama hakuwahi kupiga mara nne maishani, pumzi hana.

Mejumaa wangu akasimama juu ya jamvi, akanyoosha kidole kwenye maspika, akapaza sauti, "Nyanya!"

Nikalia mbele za watu.

Njiani Riziki akaniambia neno ambalo halijanitoka. "Shoga, si tuliwaombea dua wafike? Basi wamefika." Nikamwambia kufika si kwa mgongo wa mama yangu. Akasema, "Na majina ya mama zetu sote waliyashona humo. Kwenye harusi yangu waliliweka la mama yangu, la mama yako likatolewa. Hukukasirika."

Ni kweli. Sikukasirika. Nilikuwa mbele naitikia kwa nguvu. Jina ni la kubadilishwa, ndiyo desturi yenyewe, na nakubali hapo nilijisahau, nikadhani ule wimbo ni wa nyumbani kwetu.

Lakini jina hubadilishwa kwa mama mwingine aliyelea mwali mwingine, na wanaoitikia ni watu walio hai, kwa ridhaa yao. Tulipokataa, walimchukua asiyeweza kukataa.

Bakari hulala kwa mama yake akicheza Ukunda. Yupo hapo, nyumba ya tatu, gari lake naliona kutoka barazani. Tangu asubuhi natunga la kumwambia. Kwanza nilikuwa naenda kumwambia aitoe sauti ya mama yangu kwenye kinanda chake, leo hii, nikiona. Nikafika mlangoni kwao nikarudi. Na akiitoa kweli? Na akiufuta wimbo kila mahali? Mimi huyo huyo nitakuwa nimemnyamazisha mama.

Basi sitamwambia afute. Nitamwambia anipe ile rekodi ya kwanza, ya siku ya harusi, nzima, iwe mkononi mwangu na si mwake peke yake. Na popote mama anapopiga vigelegele, liitwe jina la mama aliyelea. La Mheshimiwa liitikiwe na wapambe wake, wana midomo.

Akikataa, jamvi ninalo. Wanawake tupo. Wimbo tutauimba uani bila yeye, na kuita nitaita mimi, ingawa sauti yangu si nzuri.

Mejumaa ameamka. Namvika gauni lake la Idi, nijifunge ile leso iliyopauka, tuvuke nyumba mbili. Nikipiga hodi nataka anione na huyu mkononi, aniulize jina lake nani.