Mia Tatu wa Jeri Radi

Deo, rafiki yangu,

Umekufa kwa wakati, bwana. Ungevumilia wiki moja tu, ungelisoma gazeti la Jumatatu pamoja nasi pale kwa Sweetbert fundi cherehani, likiwa limechelewa siku moja kwenye basi la Bukoba kama kawaida. Ukurasa wa burudani: "Mkongwe wa roki aimbia viti." Na picha ya Jeri Radi wetu, kijana wa Kyerwa mwenye miaka sabini, mdomo wazi, gitaa kifuani, uwanja wa Nyabiyonza mtupu mbele yake.

Projesti alisema mwandishi amehongwa. Sweetbert alisema picha ilipigwa watu hawajafika. Walitetea kama ulivyotufundisha kutetea, ila hukuwepo wewe wa kupiga meza.

Unakumbuka tulivyoanza. Kila gazeti lilipoandika kwamba sauti ya Radi imechuja, ulifoka kwanza, kisha ukatamka jibu nami nikaliandika, kwa sababu mwandiko wangu umenyooshwa na vyeti vya ubatizo. Ile barua ya kwanza ulinitajia saini: "Sisi mashabiki wanne wa Nyabiyonza." Nikaona aibu. Nani atawasikiliza watu wanne? Nikaandika mia tatu. Ilipochapwa ulicheka hadi ukakohoa, ukasema, "Basi tuwe mia tatu." Toka hapo hatukushuka.

Hatukufikiria kwamba Radi naye anasoma magazeti. Mzee wa watu aliamini. Akakodi spika, akakodi viti mia tatu, akamleta na mwandishi ashuhudie kwamba nyumbani bado anapendwa. Wewe ukaamua kufa Jumanne, tukakuzika Alhamisi, na onyesho lilikuwa Jumamosi. Matanga hayajaanuliwa, nani wa kwetu angekwenda muzikini? Hata Projesti na Sweetbert walibaki kwako. Nilikwenda mimi peke yangu, nimwombe radhi.

Aliimba nyimbo mbili akinitazama mimi na wauza karanga wawili. Kisha akashuka, akaniuliza watu wako wapi. Nikamwambia mwenyekiti wetu amefariki, wote mia tatu wako msibani. Ulikuwa ujinga mtupu. Nilidhani heshima ya matanga itatufunika sote. Radi akafuta jasho, macho yakamlegea, akasema, "Basi nipeleke kwao nikawape pole."

Sikuwa na njia nyingine ya kumpitisha.

Alifika kwako, mwandishi nyuma yake. Majirani walikuwa wamekaa kwenye nyasi, na hakuna aliyemjua. Wakampa kahawa ya kutafuna, buni zilizokaushwa, kama mgeni yeyote. Aliposimama kuwashukuru mashabiki wake, shangazi yako alimvuta koti akamuuliza yeye ni ndugu wa marehemu upande upi. Projesti akapiga makofi, Sweetbert akamfuata, kisha wakaona wako wawili wakaacha. Radi akaomba kuonyeshwa kaburi. Akalitazama lile tuta la udongo katikati ya migomba, akanigeukia.

"Huyu ndiye mia tatu?"

Hakuimba. Nilikuwa nimetegemea walau ubeti mmoja kwa ajili yako, nikaona haya kwa kuutegemea. Gazeti linasema ameacha muziki, na mwishoni mhariri anauliza hao mashabiki wa Nyabiyonza ni akina nani.

Wenzetu walitaka niandike jibu, safari hii kwa jina la watu mia tano. Nikaandika langu kwa siri. Nimesema mia tatu ilikuwa kazi yako peke yako, sisi wengine ulitudanganya. Gazeti lililolichapa limetufikia leo, pamoja na jina lako kamili. Niliogopa, Deo. Mimi ni karani wa parokia, watu wananiletea watoto wao niwaandike, na wewe ni marehemu, huwezi kumwandikia mhariri. Ndivyo nilivyowaza.

Mkeo, Ma Adelina, hajui kilichoandikwa. Kasikia tu kwamba mumewe katoka gazetini, na leo katembea kijiji kizima kifua mbele, siku ya kwanza namwona hivyo tangu tukuzike. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo kesho baada ya misa nitamsomea. Amewaalika majirani wote, na shangazi yako, na amenunua sukari ya chai yao.

Lala, rafiki yangu. Nilikudhulumu ukiwa huwezi kugeuka. Nakuahidi kesho nitasoma taratibu, mstari kwa mstari, na kila nitakapofika kwenye jina lako nitatamka langu.

Domisiani