Madirisha ya Ardith na Ukuta Wangu wa Plastiki

Rasi ya Zinck,
Kaunti ya Lunenburg,
Nova Scotia.
Oktoba 21

Mpendwa Binamu Leona,

Hujambo huko Alberta? Na lile goti ulilofanyiwa upasuaji, limeshakubali kupanda ngazi? Kadi yako nilimsomea Mama mara mbili, na mara zote mbili alicheka pale pale kwenye habari za jirani yako na mbuzi wake. Sisi hatujambo. Bega la mume wangu Burton bado linamsumbua kila upepo ukitoka baharini. Kabichi yetu ya kuchachusha imetoka vizuri mwaka huu, nami nimekuwekea mtungi mmoja ingawa sijui utakufikiaje.

Uliniuliza habari za nyumba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na la kujivunia, na wewe unanijua, habari za namna hiyo huwa naziacha zipoe kwanza.

Unakumbuka kwamba Mama alitugawia kiwanja nusu kwa nusu, mimi na mdogo wangu Ardith, alipokubali kuwa nyumba ya zamani haitengenezeki tena. Tukapatana kila mmoja ajenge na chumba cha Mama ndani ya nyumba yake, na kabla ya theluji ya mwaka huu Mama mwenyewe achague atakaa kwa nani. Ardith alilisema hilo kwa tabasamu. Nami nilitabasamu, lakini tangu siku hiyo usingizi ukanipaa. Leona, kitu hicho kimoja nimekuwa nikikishindania na Ardith tangu alipozaliwa, na sasa nina miaka sitini na mmoja.

Yeye amerudi na pensheni ya benki kutoka Halifax. Mimi nimetoka kiwandani, nikiwa na harufu ya samaki. Kwa hiyo ramani yetu ilikuwa ndogo. Fundi alituambia kila kona unayoiongeza kwenye nyumba ni gharama, basi tukajenga nyumba ya kona nne tu kama kasha la viatu. Sikuona aibu, mpaka tulipofika kwenye kuta za nje.

Mwezi mzima meza yangu ya jikoni ilijaa vipande vya sampuli vya kufunikia kuta. Mbao za saruji zilikuwa imara, haziozi wala haziungui, lakini nzito mno kwa bega la Burton. Nilichokitaka moyoni ni vigae vya mbao ya mwerezi, kama vya nyumba ya bibi yetu, vile vinavyogeuka rangi ya fedha kwa chumvi ya bahari. Kile kipande cha sampuli nilikuwa nakinusa Burton akitoka nje. Mwishoni tukachukua plastiki, kama wengi wenye uwezo wetu. Haitaki rangi, unaiosha kwa mpira wa maji, na watu wawili wanaimaliza kwa siku nne. Nilikuwa nimeshachagua kijivu hafifu. Ardith akapita, akaniambia nichukue hicho hicho kijivu, kwa sababu plastiki ya rangi iliyokolea haipatani na joto. Alipotoka tu nikabadilisha, nikaagiza buluu iliyokolea.

Yeye, bila shaka, aliweka mwerezi. Na unajua desturi yetu ya mwerezi. Jumamosi moja kijiji kizima kilimjia na nyundo, na kila mtu akaandika jina lake nyuma ya kigae chake cha kwanza kabla ya kukipigilia. Mimi nilikuwa jikoni mwake nikiwapakulia watu soseji na kabichi, huku roho inaniuma. Ardith akaniletea kigae na penseli. Nilikipigilia bila jina, na hakuna aliyejua. Plastiki haiitiwi watu, Leona. Burton na mpwa wake waliipachika yetu bila hata mbwa kupita kuangalia.

Halafu yakaja madirisha. Makubwa matatu, ya kile kioo kipya kinachozuia joto, na yote akayageuzia nyumba yangu. Bahari yote iko upande wa mashariki, naye anageuza madirisha kusini, kwangu. Nilimwambia Burton kwamba huko ni kujishaua tu, ili kila nikiosha vyombo niyaone mapazia yake.

Mwezi wa Aprili ukuta wangu wa upande ule ukaanza kuharibika. Plastiki ilijikunja, ikavimba, mahali pengine ikalegea kama mshumaa karibu na jiko. Na huo ndio ukuta wa chumba cha Mama. Nilimtupia Burton lawama zote. Plastiki haipigiliwi kwa kubana, lazima iachwe icheze kidogo, maana inatanuka kwa jua, na mimi nikasema ameibana kwa haraka zake. Aliapa kwamba ameining'iniza inavyotakiwa. Sikumwamini. Tulibadilisha vipande mara mbili, vikaharibika tena pale pale. Kiangazi chote nikawa naanika mashuka mbele ya ukuta ule, makavu kwa mabichi, ili Mama asiuone.

Asubuhi moja ya Septemba nilikuwa naanika hayo mashuka. Upande ule ni wa kivuli, jua halifiki kamwe, lakini shingo yangu ilikuwa inaungua. Nikatazama ukutani nikaona madoa matatu ya mwanga makali, yamekaa palipoyeyuka. Nikageuka. Madirisha ya Ardith yalikuwa yanalipokea jua na kunirushia mimi.

Nitakuambia ukweli kwa sababu uko mbali. Nilifurahi. Sikuwaza ukuta wala kumwomba radhi Burton. Niliwaza kwamba hatimaye, baada ya miaka yote hii, Ardith amekosea na mimi nina ushahidi. Nilimpigia simu nikiwa nimevaa bado aproni, nikamwambia aje haraka.

Alikuja na ndara. Akasogeza mashuka yangu, akaweka kiganja ukutani.

"Kosa ni langu," akasema. "Mbona hukuniambia tangu Aprili, dada?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakuyaelekeza madirisha yake baharini kama watu wengine.

"Kwenye ramani ya kwanza yalielekea baharini. Niliyageuza mwenyewe. Halifax nilikunywa kahawa peke yangu miaka yote ile. Sasa nikinywa nakuona jikoni kwako."

Hata kwa wema alinishinda, na hilo nalo liliniuma. Akaahidi kuweka wavu mweusi nje ya madirisha yote matatu, ili jua lisirudi kwangu. Nikakubali upesi, kabla hajabadili mawazo. Usiku huo nilimtaka radhi Burton, naye akaniambia tu nimwongeze supu.

Sikukuu ya Shukrani tulikula kwangu. Tulipofika kwenye pai ya maboga Mama akaweka uma chini, akasema ameshachagua. Nikashika meza.

"Nitakaa kwa Verna," akasema.

Ardith aliinamisha macho kwenye sahani yake. Ningenyamaza hapo ningekuwa na furaha kamili, Leona, lakini mimi na mdomo wangu. Nikamuuliza kwa nini amenichagua mimi.

"Nikikaa kwa Ardith, mwanangu, dirishani nitaona nini? Hiyo plastiki yako. Nikikaa kwako nitaiona ile nyumba yake nzuri."

Burton alipaliwa na pai. Mama akaendelea bila habari, akamkataza Ardith asiweke wavu wowote, maana anataka kumwona akipita ndani na kikombe chake.

Basi wavu ukafa, na ukuta wangu ukabaki hauna kinga. Ardith ndiye aliyesema kwamba stoo yake ina marobota ya mwerezi yaliyobaki, yanatosha ukuta mmoja, na mwerezi hauyeyuki. Jumamosi iliyopita watu walikuja kwangu na nyundo. Kwangu, Leona. Nilipika sufuria tatu na hazikutosha. Ardith akaniletea kigae na penseli, na safari hii niliandika, jina langu na lake, nikakipigilia kabla hajaona.

Lakini ona nilivyo. Wapitao barabarani bado wanaona plastiki ya buluu. Mama amekaa ndani ya ukuta wangu mpya na kutazama nyumba ya Ardith kutwa. Ukuta wangu wa mwerezi anauona Ardith peke yake. Mimi nikitaka kuuona, sharti niende nikakae kwake.

Jana nilikwenda. Alinipa kahawa na kiti chake mwenyewe, tukatazama pamoja. Jua lililorushwa na madirisha yake lilikuwa limetandaa juu ya vigae vyote, na dirishani Mama alikuwa anatupungia mkono. Ukuta wangu ni mzuri kuliko wa kwake. Sikumwambia, na leo asubuhi nimekwenda tena.

Nisalimie shemeji Clayton, na Rhoda na watoto wake, na umwambie huyo jirani kwamba Mama anamuulizia mbuzi. Burton na Ardith wanakusalimu sana. Mungu akuimarishie goti na akutunzie paa lako katika theluji inayokuja. Ukipata nafasi njoo ukae kwetu, ila ukiwa barabarani usihukumu nyumba yangu kwanza, zunguka upande wa pili.

Mimi wako, mwenye wivu na mwenye kukupenda,

Verna