Viti Kumi na Tisa na Mtoto Asiyetoa Mkono

Mpendwa mshauri Alberdina,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, na naomba msaada wako kabla hasira haijapoa, kwa sababu ikipoa nitaanza kulia, na mimi si mtu wa kulia. Nina miaka sitini na nane, naishi kijijini karibu na Winschoten, huku kaskazini mwa Uholanzi, nimelea watoto watatu na wote wamekuwa watu, na gazeti hili sijawahi kuliandikia isipokuwa mara moja tu, kuhusu kinyesi cha mbwa kwenye njia ya baiskeli.

Shida yangu ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu Jelmer na mkewe Wiebrich, ana miaka minne, na tangu mama yake aliporudi kazini, Jumatano ilikuwa siku yangu ya kumlea, na nilimlea vizuri tu mpaka Oktoba iliyopita walipompeleka kwa mtaalamu mjini Groningen, kijana wa viatu vya michezo, akakaa naye asubuhi mbili akatoa karatasi inayosema mtoto ana usonji. Sasa mshauri, mimi nina macho. Watoto wa usonji nimewaona kwenye televisheni, ni wa kiume, hawamtazami mtu, hawampendi yeyote, na ukiwauliza mia tatu na kumi na saba mara arobaini wanakujibu kabla hujafunga mdomo. Wa kwetu ni wa kike, akitaka jibini ananitazama machoni kabisa, anacheka mpaka anapaliwa, anamkumbatia mbwa wetu Moppie mpaka mbwa anaomba huruma, na shemeji yangu Lubbert alipompima kwa kumuuliza saba na tano ni ngapi, alijibu "jibini". Usonji uko wapi hapo?

Ni kweli ana mambo yake. Hali viazi vilivyogusana na maharage. Kengele ya mlango ikilia anaziba masikio na kuingia chini ya meza. Wageni wakija anachukua vijiko vyangu vya kahawa, vile vya fedha, anavipanga mezani kimoja kimoja kwa kufuata viti, anajua kipi ni cha nani, na ole wako ukihamisha cha dada yangu Trijntje. Lakini nani hana mambo yake? Zamani zetu usonji haukuwepo. Alikuwepo binamu yangu Eppo, hakuongea na mtu, alikula uji tu, aliishi na mama yake mpaka mama akafa, na aliwajua ng'ombe wote wa kijiji kwa namba zao za masikioni, lakini huyo alikuwa Eppo tu, hakuna aliyempa karatasi.

Trijntje anasema ni chanjo, amesoma kwenye simu. Lubbert anasema ni kutazama katuni kwenye tableti. Jirani yetu Fokje anasema mama akirudi kazini mapema mtoto hukauka moyo. Mimi nasema ni malezi. Nilimwambia Wiebrich kwa upendo kabisa, "Mwanangu, samaki mkunje angali mbichi," akanijibu, "Mama, huyu si samaki." Unaona majibu yenyewe?

Basi mwezi wa pili mume wangu Harm alitimiza miaka sabini. Viti kumi na tisa sebuleni, duara, kila mtu na kahawa yake na kipande chake cha keki, kama inavyotakiwa. Anayeingia anazunguka duara lote, mkono, mabusu matatu, hongera kwa mume wako, hongera kwa shemeji yako, hongera kwa jirani yako, mpaka amalize, ndipo anakaa. Mwaka jana mtoto alipita katikati bila kumsalimia mtu, akaenda zake kwenye vijiko, na Trijntje akanong'ona kwa sauti ambayo mpaka Moppie aliisikia, "Huyu hajafundwa." Aibu ile niliibeba mwaka mzima. Nikajiambia, safari hii hapana.

Hapa ndipo ninapoungama. Mtoto ana vidude vya kuziba masikio, vikubwa vya njano, kama vya wakata miti, mtaalamu ndiye aliyeshauri avae penye watu wengi. Nilivichukua kwenye mkoba wake nikavificha kwenye droo ya taulo za jikoni, na Wiebrich alipoviulizia nikasema labda vimebaki kwenu, halafu nikamtuma dukani akalete krimu ya keki, ingawa krimu ilikuwepo kwenye friji, makopo mawili. Alipotoka tu nikamshika mtoto mkono. Nikasema, "Haya, leo tunawapongeza watu kama watu." Kiti cha kwanza, sawa. Cha tatu, alikuwa ameziba sikio kwa mkono uliobaki. Cha saba ni Lubbert, akamfinya shavu na kumwambia, "Mpe babu busu, acha maringo!" na wote wakacheka kwa pamoja, na mtoto akapiga ukelele ambao sijausikia maishani, akajitupa chini, akawa anagonga kichwa sakafuni. Nikawaambia wageni, "Mpuuzeni, anajifanya, atanyamaza." Wakampuuza. Tukaendelea na keki, wale walio karibu wakanyanyua miguu.

Aliyeinuka ni Harm. Alimbeba akatoka naye kwenda kwenye banda lake la vifaa nyuma ya nyumba, akajifungia naye humo, siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, keki yake haijaguswa! Ni mtu huyohuyo ambaye anapanga skrubu kwenye chupa za jamu kwa urefu na unene, anayekula saa kumi na mbili kamili na ikifika na dakika tano hali tena, na ambaye kila mwaka wageni wakianza kuimba hukumbuka kuna kazi bandani, kwa hiyo sikushangaa sana.

Wiebrich alirudi na krimu, akaenda jikoni kuchukua taulo. Akatoka na vile vidude mkononi, mbele ya watu wote.

"Mama, hivi ni nini?"

"Si ndivyo vile vidude vya masikio."

"Uliniambia vimebaki nyumbani."

"Nilisema labda."

Akamchukua mtoto bandani, wakaondoka, na hajanisemesha tangu siku hiyo. Jelmer, ambaye siku ile alikuwa kazini, alituma ujumbe, "Mama, tuache kwanza." Jumatano tano zimepita sijamwona mtoto, na linaloniua zaidi ni kwamba Harm anaruhusiwa. Kila Jumatano anapanda baiskeli na kopo la skrubu, na anarudi anapiga mluzi, mtu ambaye miaka arobaini na minne ya ndoa sijamsikia akipiga mluzi. Juzi nilimbana.

"Mnafanya nini huko?"

"Tunapanga."

"Na mimi? Mtoto ananiulizia?"

Akasema, "Aliuliza kama bibi bado ana hasira."

Eti mimi! Mshauri, niambie basi, nifanye nini ili mkwe wangu aelewe kwamba amekuza jambo?

Wako,
Bibi Aliyenyimwa Jumatano

*

Mpendwa Bibi Aliyenyimwa Jumatano,

Pole. Kumkosa mtoto unayempenda kunauma, na kwamba unampenda sina shaka nako. Hiyo ndiyo ilikuwa pole. Sasa vaa miwani.

Kwanza niwapongeze, kwa maana naona kwenu mnapenda hongera. Hongera kwa dada yako, hongera kwa shemeji yako, hongera kwa jirani yako. Madaktari wanne katika sebule moja, na wote wamefikia jibu kabla keki haijakatwa! Yule kijana wa viatu vya michezo alisoma miaka mingi bure. Angekuja tu kwenu kunywa kahawa.

Mwambie Trijntje kwamba habari ya chanjo ilichunguzwa kwa watoto wengi mno, nchi nyingi, mwaka baada ya mwaka, na chanjo haikukutwa na hatia. Lubbert mwambie katuni humfanya mtoto achelewe kulala, haimpi usonji. Na Fokje, mwambie hadithi ya mama mwenye moyo baridi ilizikwa zamani, baada ya kuwaliza akina mama wengi bila kosa, na kaburi lake halihitaji yeye aje kulifukua. Mtoto huzaliwa na usonji. Hautokani na malezi, kwa hiyo malezi hayautoi. Wasichana wanao, ila hupita bila kuonekana kwa sababu watu kama sisi tunamtafuta yule mvulana wa kwenye televisheni. Wengi wao hutazama watu machoni, wengi hucheka, wengi hukumbatia mbwa kupita kiasi. Na wengi hawajui hesabu hata kidogo. Mimi pia ukinipigia ukelele wa saba na tano wakati nina njaa, nitakujibu jibini.

Usonji zamani haukuwepo, unasema, halafu sentensi inayofuata umeniletea Eppo. Nimeisoma mara mbili nikidhani unanitania. Bibi, Eppo hakukosa usonji. Alikosa mtu wa kumwelewa, akaishia kuwa na mama yake na ng'ombe, na kijiji kizima kikaona ndivyo alivyo, basi. Unataka mjukuu wako apate nafasi hiyohiyo?

Sasa tuje kwenye duara. Watu wazima kumi na tisa wamekaa wakitazamana magoti, wanapongezana kwa sababu mtu mwingine amezaliwa, na jirani anapongezwa kwa kuwa na jirani. Hiyo ndiyo kawaida. Asiye wa kawaida ni mtoto wa miaka minne ambaye kengele ya watu hao ikilia huingia chini ya meza. Mimi nimekaa kwenye maduara hayo miaka hamsini, na mara nyingi ningemfuata huko chini kama magoti yangeniruhusu.

Lakini utani naukomesha hapa, kwa sababu yaliyotokea baada ya kiti cha saba hayachekeshi. Wewe kelele inakukera. Yeye inamuumiza, mwilini, na vile vidude vya njano ndivyo vinavyomwezesha kukaa chumba kimoja na nyinyi. Ulichofanya ni kumnyang'anya mtu miwani, ukamwamuru asome, aliposhindwa ukawaambia watu anajifanya. Ulipanga, ukadanganya, ukamwondoa mama yake kwa kisingizio cha krimu, na mtoto alipogonga kichwa sakafuni watu wazima walinyanyua miguu wakaendelea kula. Nisikie vizuri: hakuwa anajifanya. Alikuwa na hofu kubwa, na mkono uliomshika ulikuwa wako. Kwamba Wiebrich alichukua mtoto akaondoka bila kuvunja sahani hata moja, mimi namwona ni mwanamke mvumilivu.

Halafu kuna vijiko. Umeniandikia habari ya vijiko kana kwamba ni kipele. Mtoto ambaye "hajafundwa" alijua nani anakuja kwenu, nani anakaa wapi, na kijiko cha nani ni kipi, akamwandalia kila mgeni chake bila kutumwa. Aliwakaribisha wote, bibi. Nyinyi mlichotaka ni mabusu.

Mumeo hakukugeuka. Simpimi Harm kwa kupitia gazeti, sina viatu vya michezo, nasema tu kwamba katika watu wote mle ndani ni yeye peke yake aliyejua mtoto yule anahitaji nini, na hakuyasoma kwenye simu ya Trijntje. Unashangaa anapiga mluzi? Miaka sabini amekuwa akisubiri mtu wa kupanga naye.

Na unasema watoto hawa hawampendi yeyote. Mtoto uliyemburuta, ukamwita mwongo mbele ya wageni, baada ya wiki tano anamuuliza babu yake swali moja tu, kama wewe bado una hasira. Hakuuliza habari ya keki. Alikuulizia wewe. Nilipofika kwenye mstari huo niliinuka nikaenda kusimama dirishani kidogo, na mimi pia si mtu wa kulia.

Kwa hiyo swali lako la kumfanya mkwe wako aelewe, sitalijibu. Yeye ameelewa tangu Oktoba. Utafanya haya. Trijntje akianza habari ya chanjo tena, mwambie anyamaze, kwa sauti ileile aliyonong'onea. Harm akitoka Jumatano ijayo, mpe barua ampelekee Wiebrich, ya mkono, fupi. Andika kwamba ulivificha wewe, kwamba ulidanganya, kwamba ulikosea na unaomba msamaha. Kisha weka nukta. Usiweke "lakini". Ukihisi kalamu inakwenda kwenye "lakini", iache mezani ukamenye viazi, urudi baadaye. Usiombe kumwona mtoto. Kusamehe ni kazi ya Wiebrich na atachukua muda wake, pengine mrefu kuliko unavyopenda. Siku utakayoitwa, nenda mikono mitupu, kaa pale utakapoambiwa, usimguse mpaka akuguse, na lile swali lake mjibu mwenyewe kwa mdomo wako, kwa upole, kwamba huna hasira naye na hukupaswa kuwa nayo.

Na katika barua hiyo mtaje mtoto kwa jina. Kwangu umeandika kurasa nne, umewataja Trijntje, Lubbert, Fokje, marehemu Eppo, mpaka mbwa. Yeye ambaye hayo yote yanamhusu ni "mtoto" mwanzo hadi mwisho, na mimi hadi sasa sijui anaitwa nani.

Alberdina