Njiwa wa Bi Harusi

Jumamosi, 7 Juni

Kuhesabu ndege tena. Saa kumi na mbili asubuhi tuko msituni, viatu vimelowa umande. Shikuku na darubini, mimi na kalamu. Yeye anataja, mimi naandika kwenye fomu: ndege gani, wangapi, saa ngapi, wapi. Wiki ya tatu ya ndoa na moyo bado unaruka akisema "andika, mpenzi." Wenzangu walipelekwa fungate Mombasa. Mimi fungate yangu ni hondohondo wanaopiga kelele juu ya miti, na siitaki nyingine.

Tukirudi akaniambia nifunge macho. Tukaacha njia, kanishika mkono. Nilipofumbua niliona mti mkubwa uliokauka upande mmoja, na kwenye shimo la shina, ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu kama lipstiki yangu ya harusi. Kasuku! Kasuku wa porini! Kisha akatokea wa pili. Shikuku akaninong'oneza kwamba hii ndiyo zawadi yangu, kwa kuwa mkufu ulimshinda. Nililia kama mtoto. Hakuna mke aliyepewa zawadi kama hii. Mti wenyewe uko (hapa nimefuta kwa wino, sababu iko mbele).

Jambo moja sikulielewa. Nilifungua fomu nimwandike, akaniambia huyu hatumwandiki. Mbona? Akacheka, akanibusu kipaji cha uso. Sasa kuhesabu ni kwa nini?

Alhamisi, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Leo kikundi chetu cha kutunza msitu kilikuwa na mazungumzo kwenye ukumbi wa kanisa, wageni wengi. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Khasandi, mama mstaafu ninayempenda sana, alieleza ndege waliotoweka msituni. Akasema kasuku ameisha kabisa, miaka haonekani. Nikasimama. Mimi mwenyewe, na kitenge changu kipya. Nikasema si kweli Mwalimu, nimemwona Jumamosi, mume wangu alinionyesha!

Halafu Mwalimu akapiga makofi.

"Weee! Mwezi wa kwanza wa ndoa, hata njiwa huonekananga kasuku!"

Ukumbi mzima ukacheka. Nikamwangalia Shikuku aniokoe. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Alikuwa njiwa," akasema.

Alikuwa njiwa. Mume wangu.

Ijumaa, 13 Juni

Alitaka tuongee asubuhi. Nilimwambia asiniongeleshe. Akasimama mlangoni kidogo, akaenda. Amerudi magharibi, buti zimejaa matope. Ameenda wapi siku nzima? Leo hakuna wageni wa kuwatembeza msituni.

Niliona mkia mwekundu. Niliuona. Au niliuona?

Jumatatu, 16 Juni

Kaondoka tena alfajiri. Chai yake imepoa mezani. Namchukia. Nimenusa shati lake kabla ya kulifua.

Sokoni, nikichagua mboga ya mrenda, bwana mmoja mwenye koti la kahawia akanisalimia vizuri. Alikuwa ukumbini Alhamisi. Anasema ni mpiga picha.

"Shemeji, wale walikucheka, lakini mimi nakuamini."

Mtu mmoja tu duniani! Anataka nimwonyeshe ule mti. Nimekubali, Jumamosi, wakati Shikuku atakuwa anatembeza wanafunzi wa chuo cha Bukura. Picha zikitoka, tutaona nani njiwa.

Akauliza kama nilisikia makinda. Nikasema sijui. Akauliza kama ule mti unapandika. Mpiga picha anapanda miti? Labda.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeenda ofisini kwa kikundi kupanga fomu, kazi yangu ya ukarani. Nikafungua mafaili ya zamani. Nilitaka fomu moja tu yenye kasuku nimwekee Mwalimu mezani.

Nimeipata. Mwandiko wa Shikuku, ule ule wa barua zake za uchumba. Kasuku wawili, shimo kwenye shina, njia ipi, hatua ngapi kutoka kijitoni. Chini yake, kalamu nyekundu ya Mwalimu: Mti umekatwa. Makinda yamechukuliwa.

Nimepekua kila faili la baada ya hapo. Hakuna kasuku hata mmoja.

Mwalimu alinikuta nimekaa sakafuni. Naye akakaa, na goti lake bovu.

"Fomu zetu zilisomwanga na kila mtu, mwanangu. Tuliwaonyesha wezi njia sisi wenyewe."

Tangu hapo ndege huyo hana jina, si kwenye karatasi, si mdomoni. Wanachama wote wanajua. Akaniambia Shikuku anashinda chini ya ule mti akiulinda tangu siku ile niliposimama ukumbini. Kumbe ndiko anakoenda. Na mimi nimenusa shati.

Na nimemwahidi yule bwana Jumamosi.

Nimemweleza Shikuku yote kabla hajavua buti. Nilingoja anifukuze. Akakaa.

"Kosa ni langu. Sisi wa msitu huu tukisema usiandike, tunamaanisha usiseme. Nilisahau wewe ni wa kule Matete, umezoea mahindi. Mahindi hayana siri."

Nimecheka na kulia pamoja. Obusuma, ugali wetu, imeungua. Tumekula hivyo hivyo.

Jumamosi, 21 Juni

Yule bwana alifika saa moja. Mkoba mkubwa, na mdomoni mwa mkoba nikaona kamba. Kamera sikuiona.

Nilimpeleka upande mwingine kabisa wa msitu, nikimsimulia harusi yangu tangu mahari hadi keki, mpaka akaacha kuitikia. Tukafika kwenye mkuyu. Njiwa mmoja mnono amekaa.

"Yule pale! Kasuku wangu!"

Aliangalia. Akaniangalia.

"Dada, huyo ni njiwa."

Nikabisha. Nikaapa. Nikamwambia angoje jua lipige, mkia utakuwa mwekundu tu. Akasonya, akaondoka, kamba yake mgongoni. Nilimsindikiza hadi barabarani nikiendelea kubisha.

Sijawahi kuona haya tamu hivyo. Lakini kama amenigundua? Kama atarudi?

Jumatano, 25 Juni

Hajarudi. Sokoni amewaambia watu nina wazimu kidogo. Shikuku na wenzake wanapokezana zamu mtini. Bado naogopa kila nikisikia pikipiki.

Jumamosi, 5 Julai

Mvua ya jana imeosha majani. Sokoni sasa mimi ni Mama Njiwa. Mama mkwe ameuliza taratibu kama macho yangu hayahitaji hospitali. Nimesema nitafikiria.

Tumehesabu, yeye akitaja, mimi nikiandika. Kisha tukaacha njia, tukasimama chini ya mti wetu, mkono wangu mfukoni mwa koti lake.

Niliporudi nyumbani nilifungua ukurasa wa kwanza wa daftari hili, nikafuta mahali pale mpaka wino ukapenya upande wa pili.

Fomu ya leo: hondohondo wanne, njiwa kumi na mmoja. Kati ya saa mbili na saa tatu, mstari mtupu.