Injini Iliyobanwa Koo

Tulsa, Oklahoma
6 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na gari zima. Vipi goti? Vipi yule mbwa wako mlafi?

Nakuandikia kwa sababu simu unanikatia. Msimu umeanza, na huu ni mwaka wa tatu nasimama peke yangu na gari lenye injini uliyoisuka kwa mikono yako. Najua unachochukia: kile kizuizi nilichofunga chini ya kabureta. Lakini Baba, daraja letu la mbio za magari mawili mawili lina sheria yake. Ni sekunde nane nukta tisa toka mwanzo hadi mwisho wa njia iliyonyooka. Ukichelewa, mwenzako anakupita. Ukiwahi hata kidogo, umeshindwa. Na injini yako inawahi mno! Kizuizi kinaibana koo nikishaondoka tu, kinaishikilia sekunde moja na kitu, halafu kinaiachia.

Mbio za mwisho ni Oktoba, hapahapa Tulsa. Njoo. Sitaki ufanye chochote, nataka uwepo.

Mwanao,
Corinne

Muncie, Indiana
20 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Goti linauma, mbwa ananenepa. Na simu sikukatii. Inakatika yenyewe nikiibamiza.

Nilikesha na injini ile hadi ikajua kunguruma, wewe ukaenda dukani kuinunulia kitambaa cha kuiziba mdomo. Mara ya mwisho nilipokuja, sauti ilizama mara tu ulipoondoka. Nilidhani imekufa. Siku hizi watu wanashindana kuchelewa kwa adabu? Enzi zetu aliyetangulia ndiye aliyeshinda, tukaenda kula. Kwenda sawasawa kila mara, hata saa ya ukutani inaweza.

Kula vizuri.

Baba yako

Tulsa
2 Mei

Baba,

Shikamoo, na pole ya goti.

Saa ya ukutani, eh? Haya. Kila Ijumaa kiwanja chenu cha mbio kinamfungulia yeyote mwenye gari. Itoe ile Nova ya bluu chini ya turubai. Andika kwenye kioo muda utakaotumia, kisha utumie huohuo bila kuwahi. Mara mbili tu! Hakuna kizuizi, ni wewe na mguu wako. Ukiweza, changu nakifungua, nakitupa mtoni.

Mwanao mkaidi, na unajua nimemrithi nani,
Corinne

Tulsa
15 Julai

Baba,

Shikamoo. Hujambo kweli? Kimya chako kinanitisha. Kama nilikukosea kwa ule utani, nisamehe. Niandikie hata matusi.

Mwanao

Muncie
30 Agosti

Corinne mwanangu,

Marahaba. Mzima kabisa. Sikuandika kwa sababu ya aibu.

Nilikwenda. Kwenye kioo niliandika kumi na mbili nukta tano. Upande wa pili nani? Bi. Opal Hershberger aliyekufundisha kusoma darasa la kwanza, na lile gari lake la kubebea mboga! Akatangulizwa, maana lake ni la polepole. Karibu na mwisho nilikuwa nimeshamfikia. Nilichotakiwa ni kuunyanyua mguu kidogo kwenye mafuta, nisiuwahi muda wangu. Mguu ukakataa. Nilimpita nikipiga kelele za furaha, na taa ya ushindi ikawaka upande wake. Akanijia na biskuti. “Pole, Delmar,” akasema. “Hata Corinne alisumbuka kukaa ndani ya mistari ya daftari.”

Nimerudi kila Ijumaa. Mara nachelewa, mara jua linazama, hewa inapoa, Nova inapata nguvu nisizoiomba. Kiangazi kizima sijaupata muda mmoja mara mbili. Wewe unaupataje?

Kuna rafiki yangu anauliza kama kile kidude kinaingia kwenye Nova.

Baba yako

Tulsa
9 Septemba

Baba,

Shikamoo. Nimecheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli.

Mwambie rafiki yako kinaingia. Ila kukifunga ni kazi ndogo. Kazi ni kuisoma hewa. Ikipoa, unakiongezea muda wa kubana. Joto likipanda, unapunguza. Hapo ndipo ninapokosea. Nahitaji mtu anayeijua injini ile. Mwambie huyo rafiki yako nimemtandikia kitanda.

Mwanao,
Corinne

Muncie
28 Oktoba

Binti yangu,

Salamu nyingi. Nimefika salama, mbwa amenikasirikia kisha akasahau. Asante kwa kitanda, na kwa ile nyama ya kuchoma.

Kutolewa kwako nusu fainali hakukuniuma. Muda ulikuwa nane nukta tisa kamili. Yule bwana wa Amarillo alikuwahi kwenye taa ya kuondokea tu. Hilo si kosa la injini wala la kizuizi, ni lako. Ulisinzia kama alivyokuwa mama yako, Mungu amrehemu.

Kuna jambo sikukuambia. Mbio zile nilisimama uzioni. Upepo ulikuwa umegeuka wa kukusukuma, nami nilikuwa nimekiongezea kizuizi muda kwa mkono wangu. Ukaondoka, na injini ikanyamaza. Jamaa mmoja pembeni yangu akasikitika, “Maskini, imekufa.”

Nikamshika bega. “Ngoja,” nikamwambia. “Ni binti yangu yule. Inarudi.”

Baba yako