Fuvu la Plastiki la Leticia

Jumanne, 4 Machi 1997
Boksi limefika! Daktari Masuma kalifungua mbele yetu. Mama yangu! Fuvu jeupe la plastiki, meno na yote. Anasema ni la Leticia wangu — mashine huko Ulaya imelichapa kwa kufuata zile picha za kichwa alizopigwa Nairobi. Uvimbe wa ndani wameutia rangi nyekundu. Yule mpasuaji mgeni aliyeko Dar ataanza kukata hili la plastiki, ajue pa kupita asiguse mshipa, ndipo aje kwa mwanangu. Nimelishika. Paji la uso lilelile! Tumepewa tulibebe wenyewe, kama wagonjwa wanavyobeba eksirei zao. Safari ya Dar Jumapili.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe kaja kutoka Muheza kumwona mjukuu. Hata shikamoo yangu hajaitikia, kashaliona boksi uvunguni, kalifunua. Ukelele! Jirani yangu Mboni akaja mbio. Nikasema ni plastiki tu mama, kama ndoo. "Ndoo ina meno?" Mboni kacheka mpaka kakaa chini. Mimi sikucheka. Mtoto alikuwa anasikia.

Ijumaa, 7 Machi
Nina hasira! Mama mkwe kaondoka na basi la asubuhi, na boksi kaondoka nalo! Mume wangu Eliudi kapiga simu duka la Altaf pale stendi Muheza, mama yake akaitwa. Kalizika! Makaburini kwao! Anasema kitovu cha Leti alikizika yeye, sasa kichwa chake kikae uvunguni kama kiatu? Eti kakisitiri. Na Eliudi — tangu apunguzwe kiwandani hana sauti — ananiambia mimi nisimvunjie mama yake heshima. Heshima! Mtoto anatapika kila akiamka, jicho la kushoto linakufa, nani anamheshimu yeye? Hakuna aliyeniuliza. Hicho kichwa nimekizaa mimi!

Jumamosi, 8 Machi. Muheza
Naandika nimekaa makaburini, Leti mapajani. Daktari Masuma kasema bila fuvu mgeni hatathubutu kukata, na wiki ijayo anarudi kwao. Nikamwambia Eliudi chimba kwa mikono, ukilipasua tumekwisha. Limetoka zima, Mungu mkubwa! Udongo puani tu. Nimelipangusa kwa kanga kama naogesha mtoto.

Tukataka kuondoka. Mama mkwe kashika boksi. "Kaburi likifukuliwa haliachwi tupu, mwanangu. Litamwita mwenye kichwa." Anataka tuzike mgomba mahali pake. Mgomba! Kwa shimo la plastiki! Nimemfokea, sijawahi. Ujinga gani huu mama, basi linatuacha! Analia, boksi haachii. Eliudi anatazama chini, kama kawaida yake.

Leti kaamka. Kauliza: mama, hilo shimo la nani?

Panga liko hapa miguuni. Wasithubutu kunisaidia, hata mmoja. Nakwenda kuukata mgomba mwenyewe, ule mnene kuliko yote, ujae shimo lote, pasibaki hata —